Mwizi Halali wa Kofia ya Babu

Nilipofungua sanduku la bati la Babu, kilichotoka kwanza ni harufu. Dawa ya kung'arishia shaba, naftalini, na kitu cha tatu ambacho sijui nikiiteje, kama maji ya chumvi yaliyosahaulika kwenye ndoo. Nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwake, mtandio unaniteleza kila dakika, na nilitumwa kitu kimoja tu. "Zena," Mama aliniambia, "kalete kofia ya babu yako. Mzee Maganga anaiomba."

Anaiomba!

Nikabaki nimeshika kifuniko. Uani walikuwa wanamalizia dua ya arobaini, pilau limeshaanza kunukia mpaka chumbani, watoto wa shangazi wanagombania mkeka, na mie kichwani linagonga neno moja. Anaomba? Mzee Maganga? Tangu lini?

Ili mnielewe, inabidi niwarudishe nilipokuwa darasa la nne, magoti yana makovu kama ramani ya mikoa, mdomo haufungi, mwaka ambao nilikaribia kumuua mtu kwa filimbi.

Siongezi chumvi. Kwa filimbi.

Babu, baba yake Mama, alihamia kwetu Yombo baada ya Bibi kufariki. Alikuja na pikapu moja: kitanda, redio na hilo sanduku. Ujanani alikuwa mwanajeshi wa majini, kwenye boti za doria. Akatoka majini, akaingia polisi, upande wa upelelezi, askari kanzu, akakaa huko mpaka mvi zikamjaa. Watoto wengine babu zao wakistaafu wanapumzika. Wa kwetu alistaafu kazi zote mbili, akazihamishia nyumbani.

Ndani ya wiki moja baraza halikuwa baraza tena, lilikuwa sitaha ya meli. Kila Jumamosi asubuhi tuliisugua sitaha miguu mitupu, mie na Mama, kwa brashi na sabuni ya unga, na Babu kasimama mbele yetu mikono nyuma. "Kushoto naona kisiwa," anasema, maana yake umeruka pachafu. Kamba ya kuanikia nguo aliifunga kwa fundo ambalo Mama mpaka leo hajui kulifungua, tunaanika hivyo hivyo. Na filimbi! Ndogo, ya shaba, inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Moja ndefu: amkeni. Mbili fupi: chakula tayari. Tatu fupi: hatari.

"Tatu fupi huzichezei, Koplo," aliniambia. Koplo ndio mie. "Ukipiga tatu, watu wanakuja kufa au kuua."

Nikaitikia "Ndiyo Afande!" kwa kishindo, nikapiga saluti. Nilikuwaga napenda sana kupiga saluti. Kusikiliza ndio ilikuwa ishu.

Ila upande wa ukachero ndio niliupenda kinoma. Jioni baada ya kazi za shule Babu alikuwa anachukua daftari langu, anakunja ukurasa mara tatu, zinatoka safu tatu. Juu ya ya kwanza anaandika NIMEONA. Ya pili NIMESIKIA. Ya tatu NADHANI.

"Hizi mbili andika kwa kalamu," anasema. "Hii ya tatu kwa penseli."

"Kwa nini penseli, Babu?"

"Kwa sababu utaifuta."

"Na nisipoifuta?"

"Basi andika vizuri, maana utaisoma mahakamani."

Tulianza mazoezi kwa Mama. Nimeona: Mama ana kitu cheupe shavuni. Nimesikia: anaimba. Nadhani: chapati! Nikakimbilia jikoni, jiko baridi. Ilikuwa poda, alikuwa anajiandaa kwenda harusini. Babu alicheka mpaka akatoa miwani. "Futa," akasema. Nikafuta. Nikajiona mpelelezi mkuu wa Temeke nzima.

Sasa mpelelezi mkuu bila mhalifu ni kituko tu. Mungu si Athumani, mhalifu akaja.

Siku hiyo nimetoka shule, nimeweka begi, naona mzee mfupi kakaa kwenye kiti cha Babu. Kiti cha Babu, ambacho hata paka wetu alikuwa anakiheshimu! Kaptula ya kaki, mikono imejaa makovu ya kuungua, anakula samaki wa Babu, na Babu yuko pembeni kwenye kigoda kama mgeni.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu nilikuwa nayo, kidogo.

"Marahaba. Na huyu naye ni wa kabila lenu hilo la walafi?" yule mzee akamuuliza Babu.

"Mwache mtoto," Babu akamjibu. "Wewe ulitoka kwenu kwa miguu, furushi kichwani, umefika pwani hukulitua. Ndiyo maana ukawa mfupi hivyo."

Yule mzee akavunja mfupa wa samaki. "Nyie nazi zinawaangukia mpaka kichwani hamuamki. Jeshi la majini lilikuchukua kwa sababu walikosa nanga."

Nikangoja Babu apasuke. Babu akamwongezea ugali.

Alikuwa anaitwa Mzee Maganga, fundi wa majiko na sufuria, kapanga chumba pale kona na karakana yake ni kama mwembe uliozaa mabati, yaani nguzo mbili zilizoning'inizwa vipande vya bati kila mahali. Kuanzia siku hiyo alikuja kila siku. Hapigi hodi. Anafunua sufuria anachota. Mara kachukua ndizi, mara kachukua taulo la Babu. Siku moja aliondoka na ndala moja. Moja! Babu alishinda mguu mmoja uko peku, na kesho yake ndala ikarudi imefungwa kwenye gazeti kama zawadi.

Nikafungua jalada. Nimeona: anaiba mchana kweupe. Nimeona: mikono ina makovu. Nimesikia: "Jana nilikuwa Segerea." Mtaani kwetu mtu akisema alikuwa Segerea, hatumuulizi kama alienda kumsalimia shangazi, tunajua gereza. Nimeona: Mama anacheka kila akija, nikaandika pembeni, kicheko cha woga. Halafu siku moja nikiwa nyuma ya pazia nikasikia kubwa kuliko zote. Mzee Maganga kasimama katikati ya sitaha yetu, kamnyooshea Babu kidole:

"Siku utakayokufa wewe Mzaramo nitakula wali mpaka nishindwe kusimama! Na ile kofia yako naondoka nayo. Nitaivaa mbele ya jeneza lako, watu wanione!"

Na Babu, kachero aliyekamata majambazi, mwanamaji aliyelala juu ya mawimbi, akajibu nini? "Wewe utatangulia. Mnyamwezi hana subira."

Nikajua Babu anajikaza tu mbele ya adui. Nikatafuta penseli, nikakumbuka nimeitafuna. Nikachukua kalamu nyekundu ya Mama. Nadhani: HUYU NI JAMBAZI ALIYEFUNGWA NA BABU. AMETOKA. AMEKUJA KUMUUA. Nikapiga mstari mara mbili.

Jumamosi iliyofuata sitaha ilikuwa bado mbichi. Babu aliweka kofia dirishani ipate jua isiote ukungu, kama kawaida yake. Kofia nyeupe ya mwanamaji, bapa juu kama chapati iliyogoma kuvimba, na mbele nanga ya shaba inayokuchoma macho. Akaingia bafuni. Mama yuko gengeni. Zamu ikawa yangu.

Mzee Maganga akaja ananyata. Mtu mzima na mvi zake, ananyata! Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akainyakua kofia, akaivaa, akapiga saluti kuelekea bafuni. Halafu akatoka getini mbio mbio, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Nikashusha filimbi msumarini. Tatu fupi. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kujiongeza, nikaongeza: "Mwiziii! Mwizi huyooo!"

Nyie mnaonisoma mnakaa mjini. Sina haja ya kuwaeleza neno hilo likitoka mdomoni linakwenda kufanya nini.

Kijiwe cha bodaboda kiliinuka chote. Muuza chipsi akaacha mafuta yanachemka. Chidi, dereva wa bodaboda ambaye asubuhi ile ile alikuwa kapeleka jiko la mama yake kwa Mzee Maganga likazibwe, ndiye wa kwanza kuokota tofali. Mzee Maganga mwanzoni alidhani na wao wameingia kwenye mchezo. Akageuka, kofia kichwani, anacheka. Jiwe la kwanza likampata juu ya jicho. Kile kicheko hakikuondoka, kilibaki mdomoni kama kimesahauliwa pale, na damu inapita pembeni yake.

Mtu mmoja akasema, "Leteni tairi." Alisema taratibu kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Filimbi ilikuwa bado mkononi. Nikaitazama. Babu alinifundisha milio mitatu, na hata mmoja haukuwa wa kusema basi, acheni, nimekosea.

Babu akatoka. Kikoi kiunoni, kifua wazi, povu la sabuni limemjaa masikioni. Hakukimbia. Jamani, nilitamani akimbie! Alitembea, anawasogeza watu kwa mkono, "Samahani kijana, samahani," kama yupo kwenye foleni ya maji. Alipomfikia Mzee Maganga akamshika suruali kwa nyuma, pale kiunoni, ule mshiko wa polisi, akamnyanyua mpaka akasimamia vidole.

"Uko chini ya ulinzi."

Watu wakapiga miluzi. Chidi akainua tofali. "Afande tuachie sie! Ukimpeleka kituoni kesho yuko mtaani!"

"Sawa," Babu akasema. "Mpige. Zena! Daftari na kalamu."

Nikapeleka. Babu akafungua ukurasa, akamtazama Chidi juu ya miwani ambayo hakuwa ameivaa.

"Jina lako kamili."

"La nini tena, Afande?"

"Lako, la baba, la babu. Na nyumba unayokaa. Kesi ya mauaji inataka mashahidi, na wewe ndiye uliye karibu, tena una tofali."

Chidi akaliangalia tofali kama kuna mtu kamwekea mkononi. "Mie… mie sijaona kitu. Nimesikia filimbi tu."

"Amesikia filimbi," Babu akasema, anaandika. "Vizuri. Nani ameona? Wewe wa tairi, sogea. Jina?"

Wa tairi akamtazama aliye nyuma yake. Aliye nyuma yake hakuwepo. "Mafuta yangu yanaungua," muuza chipsi akasema, akaondoka anatembea kinyumenyume. Mmoja akapokea simu ambayo haikuita. Nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, sijawahi kuona watu wakiisha mtaani haraka vile bila mvua.

Tukabaki watatu barabarani, na tofali.

"Amebaki shahidi mmoja," Babu akasema. Hakuniangalia. "Jina."

"Babu, si mie Zena."

"Jina kamili."

Nikalitaja lote, na penye la babu nikataja lake mwenyewe.

"Umeona nini?"

"Nimeona… kachukua kofia."

"Umesikia nini?"

"Alisema atakuzika nayo."

"Ukadhani nini?"

Nikaificha filimbi mgongoni. Babu akageuza ukurasa mmoja nyuma, akakutana na wino mwekundu. Akasoma. Akafunga daftari, akamshika Mzee Maganga mkono, safari hii mkono kwa mkono kama watoto wa chekechea, wakaingia ndani.

Mama alirudi akakuta maji ya chumvi na kitambaa. Ndiye aliyeniambia, huku ananivuta sikio na kulia kwa wakati mmoja. "Ni watani wale! Mzaramo na Mnyamwezi, tangu na tangu. Mtani akichukua kachukua, haibi! Anaweza kukutukana, anaweza kubeba sufuria na moto wake. Na siku ya msiba ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa wasife kwa majonzi. Wewe hukujua?"

Nilijua kuna watani. Wa shuleni, wa mpira. Huu wa wazee hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanieleza, kila mtu aliona ni kitu ambacho mtoto anazaliwa nacho, kama kitovu.

Mzee Maganga alikaa kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani. Babu anajaribu kukaza kikoi chake na vidole vinakataa. Yule mtu wa mafundo! Nikangoja mmoja wao atukane. Mzee Maganga akainuka, akaichukua kofia, akaipangusa damu kwa kiganja, akaiweka dirishani pale pale ilipokuwa.

"Ahsante, Afande," akasema. "Mungu akuweke."

Nilimwona Babu anashtuka kama kapigwa yeye.

Kesho yake asubuhi nilikuta penseli mpya pembeni ya kikombe changu cha chai. Babu ndiye aliyeiweka. Heri angenichapa.

Ila adhabu yenyewe ilikuwa bado inakuja, na ilikuja na adabu. Mzee Maganga akawa na adabu! "Hodi hapa," anabisha getini. "Karibu." "La, nilikuwa napita tu. Habari za asubuhi, mzee mwenzangu?" "Nzuri. Za kwako?" "Namshukuru Mungu." Anaondoka. Hafunui sufuria. Ukimkaribisha chakula, "Nimeshakula, ahsanteni." Nani kamfundisha mambo hayo?

Babu akaanza kupungua. Anapakua, anasukuma sahani. Kila siku alikuwa anabakiza kipande cha samaki kwenye sufuria, cha mkia, anafunika kifuniko vibaya kwa makusudi, upande wazi. Jioni anakuta kipo. Na Jumamosi ndio ilikuwa mbaya zaidi. Anaweka kofia dirishani, anageuza kiti, analipa dirisha mgongo, anafumba macho anajifanya kalala. Anakoroma uongo, mie namsikia, nasugua sitaha machozi yanaingia kwenye sabuni. Jua linapanda. Hakuna anayekuja. Babu anafungua jicho moja, anaitazama kofia, anaiingiza ndani.

Jumamosi tatu hivyo. Nikaona hapana. Mie ndiye niliyeua, mie ndiye nitakayefufua.

Nikaenda kona mchana, wakati wa chakula, makusudi, watu wamejaa. Mzee Maganga kakaa chini ya mabati yake, kovu jipya juu ya jicho, mapajani ana bakuli la michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwao, kachanganya na karanga. Chidi na wenzake wako kijiweni hatua kumi tu. Kama Mzee Maganga angenikasirikia, sawa, nilistahili. Kama angesema "chukua mwanangu, kula," ingekuwa imekwisha kabisa.

Sikumwamkia. Fikiria, mtoto wa darasa la nne hakumwamkia mzee! Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe Mnyamwezi! Umetembea kutoka kwenu mpaka pwani na mzigo kichwani. Leo nakutua!"

Nikanyakua bakuli. Nikakimbia.

Nyuma yangu kukawa kimya. Nilisikia Chidi anasema, "Oya, vipi, mwi…" halafu akajikata mwenyewe, nadhani alikumbuka daftari. Nikakimbia nusu ya mtaa na ule ukimya mgongoni, karanga zinaruka, nikasema basi, imeshindikana.

Ndipo ikaja sauti, kubwa, imepasuka katikati, mtaa mzima ukasikia:

"Wazaramooo! Wizi mnarithishana mpaka kwa watoto!"

Na ndala. Pwata pwata pwata! Ananifukuza! Nikageuka nikamwona kashika nyundo ya kugongea bati, mdomo wazi, anacheka na kukohoa, vijana wa kijiweni wamesimama wanashangilia kama fainali. Nikaingia getini, nikapanda sitaha, nikajificha nyuma ya kiti cha Babu nimekumbatia bakuli. Mzee Maganga akaingia. Hakubisha hodi. Hakutusalimia. Akapita moja kwa moja mpaka jikoni, tukasikia kifuniko kinaanguka sakafuni.

Akarudi na sufuria nzima chini ya kwapa.

"Nimechukua rehani," akasema.

Babu akaitazama sufuria. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Halafu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. "Chukua. Nilikuwa nawabakizia paka, ila nao wamekataa. Samaki wa wiki nzima huyo, mbwa wewe!"

"Ndiyo maana umekonda. Umefanana na ufagio uliovaa kofia!"

"Na wewe huo uso! Umepigwa jiwe ndio umekuwa na sura nzuri!"

Nikaogopa, hilo la jiwe nikasema limezidi. Mzee Maganga akagusa kovu lake, akamtazama Babu, akanitazama mie. Akaangua kicheko. Kile kile, kilichosahauliwa barabarani, alikwenda kukichukua na kikarudi kizima. Walicheka mpaka Babu akateleza kwenye kiti. Tulikula michembe wote watatu kutoka bakuli moja, tukambania Mama aliporudi asipate. Kuanzia siku hiyo hadi Babu anafariki, sikumbuki kama nyumba yetu iliwahi kuwa na taulo lililomaliza wiki bila kubebwa.

Sasa mnaelewa kwa nini nilibaki nimeshika kifuniko cha sanduku. Anaiomba, Mama kasema.

Siku ya mazishi yenyewe Mzee Maganga hakuweza kutania. Alikuja, akakaa, akashindwa. Watu wakasema uzee. Watani wengine wakafanya kidogo kwa niaba. Nikamwona anaondoka anaegemea ukuta, na Babu akazikwa kwa huzuni tupu, kitu ambacho angekichukia kuliko kifo. Na leo arobaini, nafasi ya mwisho, kaja kukaa kwenye mkeka na mashehe, anaomba kwa adabu.

Nikatoa kofia. Chini yake kulikuwa na filimbi imefungwa kwenye leso, na chini ya filimbi daftari langu la darasa la nne. Lilijifungua lenyewe kwenye wino mwekundu. Chini ya ile mistari yangu miwili kulikuwa na mwandiko wa Babu, kwa penseli: *Mtuhumiwa hana hatia. Mpelelezi ana haraka, ila miguu anayo.*

Nikacheka peke yangu, kwa pua, na mtandio ukaanguka kabisa.

Sikumpelekea kofia. Nilitoka nayo, na filimbi mkononi, mpaka barazani, nikaiweka dirishani kwenye jua. Mama akanikazia macho. "Zena, mzee anasubiri."

"Mtani haombi, Mama," nikasema kwa sauti, mkeka mzima usikie. Nikavuta kiti cha Babu, nikaligeuzia dirisha mgongo, nikafumba macho. Nikakoroma. Mbele ya mashehe, wallahi, nikakoroma. Shangazi akasema huyu mtoto hana adabu hata siku ya khitma. Nikaongeza sauti.

Muda ukapita. Pilau likapakuliwa. Jua likanichoma shavu. Nikafikiria zile Jumamosi tatu, Babu kwenye kiti hiki hiki, anakoroma uongo, anasikiliza.

Halafu nikasikia. Ndala. Pwata… pwata… taratibu sana sasa, na mkongojo katikati. Zikasimama nyuma yangu. Pumzi ya kizee. Kitu kikakwaruza dirisha.

Nikahesabu mpaka tano, nimpe nafasi, ana miaka mingi. Nikapeleka filimbi mdomoni.

Tatu fupi!

Watu wote wakainuka. Getini, Mzee Maganga, kofia nyeupe imemkaa upande, nanga inawaka, anakimbia kwa mwendo wa kobe, na mabega yanatetemeka. Nikamfikia kwa hatua nne, nikamshika suruali kwa nyuma, pale kiunoni.

"Uko chini ya ulinzi."

Akageuka. Machozi yanapita kwenye kovu, mdomo umejaa kicheko. "Nilimwambia!" akapiga kelele kuelekea mkeka, kuelekea chumba cha Babu, kuelekea juu. "Nilimwambia huyu Mzaramo nitaondoka nayo! Kajifanya kufa ili asinipe! Na wali wenu uko wapi? Nimekuja kula mpaka nishindwe kusimama!"

Kwanza alicheka Mama. Halafu shangazi. Halafu sheikh mwenyewe akafunika uso kwa kanzu. Nyumba nzima, watu waliokuwa wamebana koo kwa siku arobaini, wakaachia kwa pamoja, mpaka Chidi, ambaye siku hizi ana ndevu na watoto wawili, akawa anashikilia geti asianguke.

Jioni nilikunja ukurasa mpya mara tatu. Nimeona: mzee mmoja akiiba kofia mchana kweupe. Nimesikia: msiba mzima ukicheka. Safu ya tatu nikachonga penseli kwanza, nikaandika: Nadhani na mwenye kofia kacheka.

Kifutio kipo hapa mezani. Sijakigusa.